Sura ya 7: Mama Nani?

Ploti niliyopanga Witeithie mwaka 2008 ilikuwa na vyumba kumi na viwili, na kati ya akina mama walioishi humo sikujua jina la hata mmoja. Nilimjua Mama Njeri aliyeuza mboga langoni. Nilimjua Mama Brian wa chumba cha pili, na akina Mama Shiru wawili, wa juu na wa chini. Majina yao ya kitambulisho yalikaa kwenye mikoba chini ya vitanda, yakitoka siku ya kura na siku ya kwenda benki. Kwa shughuli nyingine zote za ploti, kuanzia kuazimana kiberiti hadi kugombania kamba ya kuanika nguo, Mama Fulani lilitosha.

Nilikuwa mwanafunzi Juja, katika Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, na Witeithie nilifuata kodi nafuu. Ukipanda matatu ya 237 kutoka Nairobi unaipita Juja, na kabla hujaiona Thika kondakta anagonga bodi: Witeithie! Jina lenyewe ni amri ya Kikikuyu: jisaidie. (Si kwa maana ile inayompeleka mtu chooni. Maana yake ni usingoje, fanya mwenyewe.) Hata tahajia watu wamejisaidia. Kibao hiki kinaandika Witeithie, kile Weitethie, na matatu zinasimama palepale.

Ilinichukua muda kutambua kwamba "Mama Njeri" na "Mama Brian" si majina mawili. Ni jina moja lenye tundu. Nipe mtoto, nami nitakupa jina la mama yake. Mpangaji akihamia leo jioni na mtoto aitwaye Kevo, kesho asubuhi ni Mama Kevo, bila kikao wala usajili. Thika pia ina majina ya namna hii: Section 2 na Section 9, au Makongeni na Phase zake. Tundu la Thika linajazwa kwa namba, la ploti linajazwa kwa mtoto. Waandishi wa programu wanaliita jina la namna hiyo kiolezo. Jina la pili la kitu ambacho tayari kina jina, wao na sisi tunaliita lakabu. Sura hii inahusu lugha moja maarufu ya kompyuta, C++, iliyokuwa na violezo na iliyokuwa na lakabu, lakini kwa miaka mingi haikuruhusu lakabu kuwa kiolezo.

Shida hiyo niliikuta kwenye daftari la chama.

Akina mama wa ploti walikuwa na chama cha kuzungushiana pesa, na kwa kuwa nilijulikana kama "yule wa kompyuta", niliombwa niweke hesabu zao kwenye mashine. Kila hesabu ilikuwa na umbo lilelile: upande wa kushoto jina la mwanachama, upande wa kulia kitu. Kwa michango, kitu hicho kilikuwa namba. Kwa mikopo kilikuwa jozi ya kiasi na riba. Kwa mahudhurio kilikuwa mfululizo wa ndiyo na hapana. Katika C++ niliandika hivi:

std::map<std::string, long> michango;
std::map<std::string, std::pair<long, int> > mikopo;
std::map<std::string, std::vector<bool> > mahudhurio;

Tazama nafasi kati ya zile alama mbili za mwisho. Siku hizo ukizibananisha, kompaila ilizisoma kama alama ya kusogeza biti kulia na kukufokea. Kompaila ni programu inayousoma msimbo wa binadamu na kuugeuza uwe maagizo ya mashine, na tabia yake ni ya karani wa zamani wa wilaya. Fomu ikikosa nukta, inarudi.

Mistari mitatu si mzigo. Lakini programu ilipokua, yale maneno marefu yalijirudia kila mahali: kwenye kila kazi inayopokea hesabu, kila inayorudisha hesabu, kila inayozipitia moja moja. Lugha ilinipa dawa ya nusu. Neno typedef, lililorithiwa kutoka lugha mama ya C, linakuruhusu kukipa kitu kilichokamilika lakabu. Ningeweza kutangaza DaftariLaMichango, kisha DaftariLaMikopo, kisha DaftariLaMahudhurio, moja moja. Ni kama kwenda kwa chifu kusajili kwamba fulani ataitwa Mama Njeri, kurudi kesho kwa ajili ya Mama Brian, na keshokutwa kwa wa tatu. Nilichotaka ni kutangaza mara moja tu kwamba Daftari ya kitu chochote ni orodha ya majina yenye kitu hicho upande wa kulia:

template <class T>
typedef std::map<std::string, T> Daftari;

Baada ya hapo Daftari<long> ingekuwa michango, na kila chama nchini Kenya kingepata daftari lake. Kompaila ilikataa. Kiolezo, ilisema, hakitangazwi kwa typedef.

Kilichoniudhi si kukataliwa, bali kwamba kila kipande cha ombi langu kilikuwa halali peke yake. Violezo vilikuwamo katika lugha hii tangu mwanzo wa miaka ya 1990. Bjarne Stroustrup, aliyeianza C++ katika maabara za Bell mwaka 1979, aliviwasilisha kwenye mkutano mwaka 1988, na viwango vya kimataifa vya mwaka 1998 vilivikubali vikiwa vimekomaa. Unaweza kutengeneza kiolezo cha aina mpya ya kitu. Unaweza kutengeneza kiolezo cha kazi. Lakabu unaweza kuitoa. Lakabu yenye tundu, hapana.

Tena kitabu chenyewe cha sheria kilijua pengo lipo. Katika sehemu inayoeleza jinsi programu inavyogawa kumbukumbu ya mashine, waandishi wa viwango vya 1998 walihitaji lakabu ya kiolezo, wakaikosa, wakatengeneza kifaa cha kuzunguka kilichoitwa rebind, kisha wakaeleza kwamba kifaa hicho kwa hakika kinafanya kazi ya typedef ya kiolezo. Walikitaja kwa jina kitu ambacho lugha yao haikuwa nacho. Sijaona sheria nyingine inayokiri hivyo waziwazi.

Basi tukajisaidia. Njia ya kwanza ni ya mafundi wa C: kumwambia mchakataji wa awali abadilishe neno kwa neno kabla kompaila haijaona chochote. Inafanya kazi hadi utakapompa kitu chenye mkato ndani yake. Jozi yangu ya mkopo ilikuwa na mkato kati ya kiasi na riba, na mchakataji, ambaye haelewi lugha na anahesabu mikato tu, alidhani nimempa vitu viwili badala ya kimoja.

Njia ya pili ni kuzaa. Unatengeneza aina mpya, Daftari, inayorithi kila kitu kutoka kwa std::map. Kwa macho inafanana na mzazi, lakini ni mtoto, si mzazi mwenyewe. Kazi inayorudisha std::map haiwezi kuingiza jibu lake ndani ya Daftari, na kanuni za siku hizo hazikumrithisha mtoto njia za kujengwa za mzazi, kwa hiyo unaziandika upya. Nilitaka lakabu ya Mama Njeri, nikajikuta nimemzaa binti anayefanana naye na kumpeleka sokoni. Wateja wakamuuliza deni la juzi, naye halijui.

Njia ya tatu ndiyo iliyotumiwa na mabingwa, na ndiyo iliyokuwa na sumu ya polepole. Unatengeneza sanduku lenye tundu, na ndani yake unaweka typedef ya kawaida:

template <class T>
struct Daftari {
  typedef std::map<std::string, T> aina;
};

Kila unapotaka daftari la michango unaandika Daftari<long>::aina. Ndani ya violezo vingine unalazimika kutanguliza neno typename, ili karani asidhani aina ni namba. Si maridadi, ila sasa hakuna aliyezaliwa. Kilicho ndani ya sanduku ni std::map yenyewe.

Sumu ni hii. Mtu akikutajia Mama Brian, unajua papo hapo ana mtoto aitwaye Brian. Jina linasomeka kwenda na kurudi. C++ ina ufundi huohuo: ukiandika kazi ya kujumlisha daftari la kitu chochote, kisha ukaipa daftari fulani, kompaila inabaini yenyewe kitu hicho ni nini. Kwa njia ya sanduku, ufundi huo unakufa. Kompaila inaona std::map, nawe unaiuliza: ni sanduku gani, kati ya masanduku yote yanayowezekana, ambalo ndani yake mna std::map hii? Haijibu, wala haijaribu. Inabidi umtaje mtoto mwenyewe kila mara: jumlisha<long>(michango).

Na haijaribu kwa sababu nzuri. C++ inaruhusu sanduku la kiolezo liwe na toleo maalumu. Naweza kusema kwamba Daftari ya kila kitu ni orodha hii, isipokuwa Daftari ya bool, ambayo ni kitu kingine kabisa. Pale kwenye ploti tulikuwa na toleo maalumu la namna hiyo. Mama Ciku hakuwa mama yake Ciku. Alikuwa nyanya yake, aliyemlea tangu akiwa mchanga, na watu wakamwita Mama kwa heshima na kwa kufupisha maelezo. Mgeni aliyekokotoa kurudi nyuma kutoka kwenye jina alikosea, na wakati mmoja mgeni huyo alikuwa mwalimu wa shule aliyetaka sahihi ya mzazi. Kukiwa na isipokuwa moja tu, hesabu ya kurudi nyuma haiaminiki tena kwa mtu yeyote.

Usiku mmoja niliketi kwenye saiba karibu na stendi nikaandika rasimu ya ombi kwa watengenezaji wa GCC, kompaila huria niliyokuwa nikiitumia. Niliomba nyongeza: waniruhusu typedef ya kiolezo hata kama viwango haviijui. Ombi la namna hii lina historia yenye heshima. Namba ndefu za long long ziliingia GCC kama nyongeza kabla viwango vya C vya mwaka 1999 havijazikubali. Kinyume chake kina historia ya huzuni. Viwango vya 1998 viliamuru neno export, la kutenganisha violezo na utekelezaji wake, kabla kompaila hata moja haijathibitisha kwamba linatekelezeka. Waliofaulu kulitengeneza ni kampuni ndogo ya EDG, baada ya kazi ngumu ya muda mrefu. Wengine wote walikaa kimya, na mwaka 2011 likafutwa. Ndiyo maana mimi huwatetea waombaji wa nyongeza wanapobezwa kuwa wanavuruga lugha. Nyongeza ni jaribio linalofanyika kwenye mashine, na sheria iliyotungwa bila jaribio huishia kama export. Gharama yake anailipa mwombaji: msimbo wake unafungwa kwa kompaila moja, kama mtu anayejulikana kwa lakabu katika ploti moja tu.

Rasimu yangu sikuituma. Nilipotafuta kama kuna aliyetangulia, nilikuta foleni iliyopinda kona. Herb Sutter alikuwa ameiandikia kamati ya viwango mwezi wa Oktoba 2002, katika waraka N1406, akiomba typedef za violezo. Mwaka uliofuata Gabriel Dos Reis na Mat Marcus walileta N1449, na jina la jambo lenyewe likageuka: haikuwa tena typedef, ilikuwa lakabu.

Kugeuka kwa jina kulikuwa na maana. Njia zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa kuruhusu typedef ya kiolezo iwe na matoleo maalumu kama violezo vingine, uwe na nguvu zote pamoja na isipokuwa zote. Ya pili ilikuwa kuifunga mikono: iwe jina tupu la kitu kilichopo, isizae aina mpya, isiwe na toleo maalumu hata moja, na kwa hiyo kompaila iweze kuisoma kurudi nyuma bila kusita. Mimi nilipoanza kusoma nyaraka hizo nilikuwa upande wa nguvu. Nani anakataa nguvu? Nilipofika mwisho nilikuwa nimemkumbuka Mama Ciku na yule mwalimu. Njia ya pili ndiyo iliyoshinda, na waraka wa Dos Reis na Stroustrup wa mwaka 2007, N2258, ukaipa sura hii:

template <class T>
using Daftari = std::map<std::string, T>;

Neno typedef limeachwa, using limeingia, jina jipya liko kushoto na kitu kiko kulia, kama mtu anavyotambulishwa. Anayetaka toleo maalumu bado anaweza kulificha ndani ya sanduku la zamani, kisha aipe lakabu njia ya kuelekea kwenye sanduku hilo. Akifanya hivyo anapoteza kusomeka kwa kurudi nyuma, lakini amechagua mwenyewe.

Kwa hiyo usiku ule wa 2008 sarufi niliyoitaka ilikuwa imeshaandikwa kwenye rasimu ya viwango vipya. Kilichokosekana ni mikono. GCC 4.3, iliyotoka Machi mwaka huohuo, ilikuja na swichi ya kujaribia lugha mpya iliyosubiriwa kwa jina la C++0x, lakini lakabu za violezo hazikuwamo. Katika programu huria jibu la ombi kama langu linaeleweka hata lisiposemwa: msimbo wa kompaila huo hapo, uko wazi, ongeza mwenyewe. Witeithie. Niliufungua. Nilisoma kwa siku tatu faili moja inayoshughulikia violezo, nikaufunga, nikarudi kwenye sanduku langu na ::aina yake.

Viwango vyenyewe vilipitishwa mwaka 2011. (Ile "0x" ilikuwa ahadi kwamba vingekamilika kabla ya muongo kwisha. Muongo ulipopita, watani walisema x ni tarakimu ya mfumo wa kumi na sita, na B katika mfumo huo ni kumi na moja.) Kompaila nyingine huria, Clang 3.0, ilikuwa na lakabu za violezo Desemba mwaka huo, GCC 4.7 ikafuata Machi 2012, na watumiaji wa Visual Studio wakazipata katika toleo la 2013. Tangu Sutter aombe hadi mimi niweze kuandika Daftari<long> kwenye mashine yangu ilikuwa karibu miaka kumi. Viwango vya 2014 vikarudi kusafisha nyumba. Vifaa vingi vya maktaba vilivyokuwa vikiishia na ::type vilipewa lakabu fupi zinazoishia na _t, na lile neno typename likatoweka kwenye maelfu ya mistari.

Kuna jambo moja ambalo lakabu haikulitatua, nami nilikuwa nimefunzwa juu yake na simu. M-Pesa ilikuwa imeanza Machi 2007, na mara ya kwanza kumtumia Mama Brian mchango wangu wa maji, ujumbe wa uthibitisho ulirudi na majina matatu ambayo sikuwahi kuyasikia. Nilitoka mbio hadi chumba cha pili nikiwa na hakika nimemtumia mgeni. Alicheka mpaka akakaa chini. Kompaila hufanya vivyo hivyo. Wewe unaandika std::string, lakabu ambayo kila mtu anaijua, na kosa likitokea inakusomea jina la kitambulisho lenye mabano ndani ya mabano: basic_string ya char, yenye char_traits za char, yenye kigawa kumbukumbu cha char. Kosa ni la mstari mmoja, maelezo yanajaza skrini, na lakabu uliyoitumia haionekani popote.

Lugha ya Go, iliyotoka Google, ililipia jambo hilo kwa namna ya kipekee. Ilipata lakabu mwaka 2017 na violezo vyake Machi 2022, na bado haikuruhusu lakabu kuwa na tundu. Waliozoea C++ walitikisa vichwa. Moja ya sababu ni kwamba maktaba inayokagua aina za Go haikuwa ikihifadhi lakabu hata kidogo. Ilipoiona, iliibadilisha papo hapo kwa kitu chenyewe na kuisahau, kama karani anayeandika majina matatu ya kitambulisho kwenye fomu na kufuta Mama Brian. Jina lisilohifadhiwa popote haliwezi kupewa tundu. Mafundi walianza kwa kuifundisha ikumbuke, kazi iliyoingia katika Go 1.22 mwaka 2024, na lakabu zenye tundu zikafika rasmi katika Go 1.24, Februari 2025.

Mwaka huohuo nilipita Witeithie nikielekea Thika, nikashuka. Lango la ploti lilikuwa limepakwa rangi mpya. Nilimuuliza kijana aliyekuwa akifua kama Mama Brian yupo. Akasema hapa hakuna Mama Brian. Nikamweleza: chumba cha pili, mnene kidogo, mweka hazina wa chama.

"Aa, Cucu wa Natasha!"

Akatoka akipangusa mikono kwa leso, na alikuwa yuleyule. Brian ana mtoto sasa, naye amekuwa cucu, yaani nyanya. Aliniuliza kama lile daftari la kompyuta bado linafanya kazi, kwa sababu wao walirudi kwenye la karatasi wiki ileile niliyohama.